So, Do, So, Do, Mi, So: Gitaa Lililolegezwa Nyuzi Tatu

Gitaa lililotuniwa kwa njia ya kawaida, likipigwa nyuzi zote sita bila kidole kushika popote, halisemi neno linaloeleweka. Linatoa la, re, so, do, mi, la. Sauti hizo sita zimepangwa ili mkono wa kushoto ufikie kodi nyingi bila kuhangaika, na zenyewe kwa zenyewe hazikai vizuri pamoja. Nyuzi tatu zikilegezwa, kila mmoja kwa kiasi cha freti mbili tu, gitaa lile lile hutoa so, do, so, do, mi, so. Hapo hata mtoto anayepita akaburuza vidole juu ya nyuzi atasikika kama fundi. Mpango huo huitwa tuni ya wazi, na ndio unaozungumzwa jioni hii.

Wasikilizaji wa Kihesa na Iringa mjini, wa Mafinga na Makambako, na wote mlioko upande wa Mbeya, hamjambo? Baridi inajulikana, kwa hiyo mwenye chai aendelee nayo. Mwenye gitaa alisogeze karibu. Asiye na gitaa naye asiondoke, maana karibu kila kitakachosemwa kinaweza kuimbwa kwa mdomo.

Kwa nini do, re, mi, badala ya herufi? Kwa sababu mwanakwaya wa kanisa lolote hapa mjini amefundishwa wimbo kwa do, re, mi kabla ya kuona maneno yake, na masikio yake tayari yanajua kazi ya kila sauti: do ni nyumbani, so ni nguzo, mi ndiyo inayoamua kama nyumba ina furaha au huzuni. Wanaotumia herufi waandike hivi. Tuni ya kawaida, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni E, A, D, G, B, E. Tuni ya wazi ya leo ni D, G, D, G, B, D. Do yetu, basi, ni G.

Irudiwe tena, polepole. Kawaida: la, re, so, do, mi, la. Wazi: so, do, so, do, mi, so. Nyuzi zilizohama ni zipi? Wa sita umeshuka kutoka la hadi so. Wa tano umeshuka kutoka re hadi do. Wa kwanza umeshuka kutoka la hadi so. Watatu wa katikati, yaani wa nne, wa tatu na wa pili, hawakuguswa kabisa.

Hao watatu wasioguswa ndio mashahidi wa kazi nzima. Mtu aliyekaa kwenye benchi mbele ya duka Kihesa, bajaji zikipita, hahitaji kifaa chochote cha kutunia. Anaanza na uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa ulio karibu na sakafu gitaa linapopakatwa. Anaupiga pamoja na wa nne, huku akigeuza ufunguo wa ule wa kwanza kidogo kidogo kuulegeza. Mwanzoni sauti mbili zinagombana. Zikikaribiana, husikika mtetemo kama wa redio iliyokosa stesheni kidogo: wau, wau, wau. Mtetemo huo unapungua kasi, unakuwa mrefu, kisha unapotea. Ukipotea, uzi wa kwanza umekuwa so ya juu na wa nne ni so ya chini, na sikio linazisikia kama mtu mzima na mtoto wanaoimba neno moja. Uzi wa sita nao unalegezwa mpaka uwe so ya chini zaidi, tena kwa kupimwa na wa nne. Uzi wa tano unalegezwa ukipimwa na wa tatu, mpaka zote mbili ziwe do. Kazi imekwisha.

Kama sikio halijaamini, upo uhakiki wa freti. Uzi wa sita ukishikwa freti ya 5 ulingane na wa tano ulio wazi. Wa tano ukishikwa freti ya 7 ulingane na wa nne. Kisha 5, kisha 4, kisha 3, hadi kufika uzi wa kwanza.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, uzi ulioshuka freti mbili hupoteza karibu moja ya tano ya mvutano wake, kwa hiyo unalegea chini ya kidole na unaweza kugongagonga juu ya freti, hasa ule wa sita. Mkono wa kulia upunguze nguvu. La pili, nyuzi zilizotoka kulegezwa huhamahama, na asubuhi ya mwezi wa 6 au wa 7 katika nyanda hizi mambo huzidi. Gitaa likitoka chumbani kwenye joto na kuwekwa nje, waya husinyaa kwa baridi na sauti hupanda. Jua likitoka, hushuka. Anayetuni saa kumi na mbili asubuhi asishangae kulazimika kutuni tena saa nne.

Sasa mkono wa kushoto.

Kodi ya do haihitaji kidole: nyuzi zipigwe zilivyo. Kodi ya fa hupatikana kwa kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote kwenye freti ya 5. Kodi ya so ni kidole kile kile freti ya 7. Freti ya 12 ni do tena, ya juu. Do, fa, so. Je, ni nyimbo ngapi za kwaya, za harusi na za dansi zinazosimama juu ya kodi hizo tatu peke yake? Nyingi mno. Ndiyo maana tuni hii inasifiwa kuwa rahisi. Na ndiyo maana wengi huiacha baada ya wiki moja, kwa sababu kidole kimoja kinachopanda na kushuka shingo ya gitaa huchosha masikio haraka. Sauti zote sita zinahama pamoja, kwa umbali ule ule, kama watu waliofungwa kamba moja. Mwalimu wa kwaya aliyesoma harmonia ya Kizungu angeweka alama nyekundu: besi na teno hawatakiwi kutembea sambamba namna hiyo.

Lakini mwalimu huyo akipanda basi kutoka Iringa kwenda Dodoma, atafika kwa watu ambao kwao kutembea sambamba ndiyo harmonia yenyewe. Wagogo huimba sauti zikifuatana kwa hatua kubwa, do na so, so na do, na hakuna anayesema wamekosea. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliibeba sauti hiyo kwa zeze na ilimba mpaka majukwaa ya dunia. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, aliyeanza kutembelea Tanganyika tangu mwanzo wa miaka ya 1960, alieleza chanzo chake: sauti za Wagogo zimechukuliwa kutoka kwenye sauti zilizomo ndani ya uzi mmoja.

Ndani ya uzi mmoja? Hapa pana utamu, na hapana haja ya haraka.

Uzi wa gitaa ukipigwa hautetemi kwa namna moja tu. Unatetema wote mzima, na wakati huo huo unatetema kwa nusu mbili, kwa theluthi tatu, kwa robo nne, na kuendelea. Kila mgawanyo una sauti yake, nyembamba zaidi na ya juu zaidi, iliyofichwa ndani ya sauti kubwa. Zinaweza kusikika. Uzi wa tano, ambao sasa ni do, uguswe kwa ncha ya kidole bila kukandamizwa, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, upigwe, kisha kidole kiondolewe mara moja. Inalia kengele: do ya juu. Ukiguswa freti ya 7, unalia so. Freti ya 5, do nyingine ya juu zaidi. Karibu na freti ya 4, kwa shida kidogo, unalia mi.

Ngazi hiyo, ikihesabiwa tangu chini, inakwenda hivi. Ya 1 ni do. Ya 2 ni do. Ya 3 ni so. Ya 4 ni do. Ya 5 ni mi. Ya 6 ni so. Ya 7 ni ile sauti ambayo wanakwaya huiita ta, yaani ti iliyoshushwa. Ya 8 ni do, ya 9 ni re.

Je, msikilizaji amegundua kitu? Ngazi ya 2 hadi ya 6 inasema do, so, do, mi, so. Hizo ndizo nyuzi tano za tuni ya wazi, kutoka wa tano mpaka wa kwanza, kwa mpangilio ule ule na umbali ule ule. Ni kana kwamba mtu alichukua uzi mmoja mkubwa wa do, akauchambua, akazitandaza sauti zake za ndani juu ya shingo ya gitaa. Ndiyo maana gitaa lililotuniwa hivi huvuma. Ukipiga uzi mmoja, nyingine zinatetema bila kuguswa, kwa sababu kila mmoja unasikia sauti yake ikiitwa.

Wa sita, so ya chini kabisa, hauna nafasi katika ngazi hiyo. Ni mgeni. Keith Richards wa kundi la Rolling Stones, anayejulikana sana kwa tuni hii, huutoa kabisa na kupiga gitaa la nyuzi tano. Wengi hudhani ni mbwembwe za mwanamuziki mkubwa, lakini sikio lake lilikuwa na hoja.

Wagogo nao wanasimama wapi katika ngazi? Juu kidogo. Kubik anaonyesha kuwa wao hutumia hasa ya 4 hadi ya 9: do, mi, so, ta, do, re. Gitaa linaishia ya 6, Wagogo wanaendelea. Na kuendelea huko kuna tatizo kwa gitaa, kwa sababu ta ya asili, ile ya ngazi ya 7, haipo kwenye freti yoyote. Iko chini ya ta ya gitaa kwa karibu theluthi ya freti moja. Anayejaribu kupiga wimbo wa Kigogo kwenye gitaa atahisi kitu kimekaa pembeni hata akiwa ameshika panapotakiwa. Hajakosea yeye. Freti ndizo zilizopigwa msumari mahali pengine.

Mi nayo ina kisa chake. Mi ya asili iko chini ya mi ya freti kwa karibu moja ya saba ya freti moja. Ni kidogo, ila katika tuni ya wazi inasikika, kwa sababu uzi wa pili uko peke yake ukibeba mi, na umezungukwa na do na so zilizonyooka. Programu ya kutunia kwenye simu itawasha taa ya kijani na kusema uzi wa pili uko sawa, huku sikio likisema umepanda. Wapigaji wengi hufuata sikio: huulegeza ule wa pili kwa unywele mmoja, na kodi ya do inatulia kama maji mtungini. Fa ya freti ya 5 na so ya freti ya 7 zinatulia pia, kwa sababu kidole kimelala wima. Gharama hulipwa kwingine. Uzi wa pili ukishikwa freti ya 3 kuwa so, utakuwa chini ya so ya uzi wa kwanza, na ule mtetemo wa wau, wau utarudi. Kila mpigaji achague anachoweza kuvumilia. Wimbo wa kodi tatu zilizonyooka unafaidi mi ya asili. Wimbo wenye vidole vinavyozunguka unafaidi mi ya simu.

Harmonia ya maana katika tuni hii basi inapatikana wapi, kama kidole kimoja kinachosha? Inapatikana pale mkono wa kushoto unapokubali kufanya kidogo. Besi ziachwe zilie wazi, do na so, do na so, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Juu yake, vidole viwili vitembee kwenye uzi wa tatu na wa pili tu.

Nyuzi hizo mbili wazi ni do na mi. Sasa vidole vipande. Uzi wa tatu freti ya 2, wa pili freti ya 1: re na fa. Kisha 4 na 3: mi na so. Kisha 5 na 5: fa na la. Kisha 7 na 7: so na ti. Kisha 9 na 8: la na do. Kisha 11 na 10: ti na re. Kisha 12 na 12, nyumbani.

Wanaofuatilia kwa mkono watakuwa wameona vidole vikikaa namna mbili tu. Ama viko sawa kwenye freti moja, ama vimekaa mshazari, kimoja kimetangulia kwa freti moja. Vikiwa sawa, ni do, fa au so, kodi za furaha. Vikiwa mshazari, ni re, mi, la au ti, zenye kivuli. Mpigaji anaweza kupanda ngazi nzima kama sauti ya kwanza na ya pili za kwaya, huku besi ikibaki imekanyaga do na so kama mtu anayetwanga.

Ukweli usifichwe: nyuzi hizo mbili hazikulegezwa, kwa hiyo ngazi hii ya vidole ipo vile vile kwenye tuni ya kawaida. Tofauti iko chini. Katika tuni ya kawaida besi zilizo wazi ni la na re, hazisaidii wimbo wa do hata kidogo, na kidole kimoja lazima kibaki kimefungwa kushika besi. Kwenye tuni ya wazi kidole hicho kimepewa likizo.

Mguso mwingine mdogo wenye faida kubwa: nyuzi zote ziwe wazi, kisha kidole kimoja kishike uzi wa pili freti ya 1, kingine uzi wa nne freti ya 2. Mi imekuwa fa, so imekuwa la, na do ya uzi wa tatu haijaondoka. Hiyo ni kodi ya fa, ila besi yake bado ina do, na uzi wa kwanza bado unalia so juu yake, ukikwaruzana kidogo na fa. Vidole vikiondolewa, do inarudi. Kushika, kuachia, kushika, kuachia. Gitaa linapumua. Kwa sikio la mwandishi wa mazungumzo haya, mguso huu una thamani kuliko kodi zote za kulaza kidole zikiwekwa pamoja.

Na huzuni je? Tuni yenye mi ndani yake imeshaamua kufurahi, na kuihuzunisha kunahitaji akili. Njia nyepesi kuliko zote ni kuzirudisha la zilizofukuzwa. Uzi wa sita, wa nne na wa kwanza, wote ni so. Wakishikwa freti ya 2, wote wanakuwa la. Wa tano, wa tatu na wa pili waachwe wazi. Sasa gitaa linasema la, do, la, do, mi, la, kodi ya la yenye huzuni, iliyojaa, bila uzi hata mmoja uliopotea. Anayeona vidole vitatu ni vingi aache wa sita asiupige.

Kisichowezekana kwa raha ni kuhuzunisha do yenyewe. Mi lazima ishuke freti moja, na uzi ulio wazi hauwezi kushikwa chini ya wazi. Wengine huuruka uzi wa pili. Wengine huulegeza uzi huo nao, wakapata tuni ya wazi ya huzuni, na hapo furaha hupatikana kwa kidole kimoja kwenye freti ya 1 ya uzi huo. Mwingereza Davey Graham, mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kukaa Morocco na kutaka gitaa lake likae na udi, alieneza tuni isiyo na mi kabisa: D, A, D, G, A, D. Isipokuwepo mi, gitaa halijaamua kucheka wala kulia, na mwimbaji ndiye anayeamua. Wasikilizaji wanaopenda taarabu na udi wake wataelewa mara moja.

Tuni ya so, do, so, do, mi, so yenyewe ilitoka wapi? Haina baba mmoja. Marekani katika karne ya 19 ilichapishwa mno kwenye vitabu vya kupigia gitaa sebuleni, ikiwa na kipande kilichoitwa Spanish Fandango, na wapigaji wa bluzi wakabaki wakiiita ya Kihispania hata pale fandango yenyewe iliposahaulika. Visiwa vya Hawaii, ambako wachunga ng'ombe kutoka Mexico walifika na magitaa miaka ya 1830, wenyeji walilegeza nyuzi wakaliita jambo hilo kwa lugha yao legeza ufunguo. Tuni hii hasa wanaiita kwa jina la shamba la magimbi. Watu wa Rungwe, walioyazoea magimbi, wanaweza kuichukua kama yao.

Kutoka Hawaii ikaja pia desturi ya kulaza gitaa mapajani na kuteleza juu ya nyuzi kwa chuma au chupa. Santuri za Kihawaii zilipata soko dunia nzima baada ya mwaka 1915, na Afrika haikubaki nyuma. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, huko Malawi, mtindo huo uliitwa hauyani, neno ambalo ni Hawaii iliyopita kwenye midomo ya Kichewa. Daniel Kachamba, mpiga gitaa wa Malawi aliyefariki mwaka 1987, aliupiga, na Kubik alimrekodi. Mantiki ya chupa ni rahisi: chupa haijui kushika mshazari, inalala wima tu, kwa hiyo inahitaji nyuzi zilizokwisha kupatana. Tena chupa ina faida ambayo kidole hakina. Inaweza kusimama kati ya freti na freti. Ile ta ya Wagogo, iliyokosa makazi kwenye gitaa, chupa inaifikia.

Kabla ya gitaa lolote kufika, hata hivyo, Uhehe ulikuwa na ligombo. Ni ubao uliochimbwa kama hori dogo, nyuzi zake zimepitishwa kutoka ncha hadi ncha, ndugu wa inanga ya Rwanda na Burundi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliirekodi sauti yake alipozunguka Tanganyika mwaka 1950. Ligombo haina shingo wala freti. Kila uzi una sauti yake moja, na mpigaji hutunga kwa kuchagua uzi upi ulie na upi unyamaze. Gitaa katika tuni ya wazi, likipigwa kwa gumba na kidole cha shahada bila pupa ya kushika kodi, linakaribia sana tabia hiyo. Anayetaka kujifunza kulipiga vizuri asikilize ligombo kwanza.

Isidhaniwe kuwa tuni ya wazi ndiyo njia pekee ya kulifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga Masanga, alitumia tuni ya kawaida, gumba na kidole kimoja, na mpaka leo kuna wasomi wa gitaa wanaokuna vichwa. Mafundi wa rumba ya Kongo nao walipata njia yao, mi-kompozee: uzi wa nne hutolewa, unawekwa mwembamba mahali pake, unatuniwa sauti ile ile lakini oktavu moja juu. Majina ya nyuzi hayabadiliki, vidole havijifunzi upya, ila gitaa linang'aa katikati kama kinubi. Na bendi zilizotikisa mji huu, Tancut Almasi Orchestra ikiwa mbele na mapacha wake Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ziligawa kazi hiyo kwa watu: solo huku, gitaa la pili kule, rithm katikati, besi chini. Bendi yenye magitaa matatu haina sababu ya kulegeza nyuzi. Tuni ya wazi ni ya mtu aliye peke yake barazani.

Mtu huyo akitaka kuimba juu zaidi, asikaze nyuzi. Kukaza freti mbili huongeza mvutano kwa karibu robo nzima, na gitaa la mtumba lililokaushwa na kiangazi cha Iringa linaweza kung'oka daraja. Atumie kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Asiye na kapo anajua penseli na mpira wa tairi la baiskeli. Penseli ikifungwa freti ya 2, do imekuwa A. Freti ya 5, imekuwa C, na sauti ya kike inakaa vizuri hapo.

Mwisho ni kurudi. Gitaa la kuazima lirudishwe likiwa katika tuni ya kawaida, maana mwenyewe akilipokea likiwa so, do, so, do, mi, so atadhani limevunjika. Uzi wa tano ukazwe kwanza, kutoka do hadi re, mpaka freti yake ya 5 ilingane na uzi wa nne. Kisha wa sita, kutoka so hadi la, mpaka freti yake ya 5 ilingane na wa tano. Uzi wa kwanza uachwe mwisho, ukazwe taratibu kuliko yote, uso ukiwa mbali kidogo na nyuzi, kwa sababu ule mwembamba ndio unaokatika. Freti ya 5 ya uzi wa pili ndiyo inayousubiri. Zikilingana, la, re, so, do, mi, la.